Karate Nyuma ya Zahanati

Kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kusimama, na sote tulicheka. Tulikuwa wanawake wazima na wasichana wakubwa, tumebeba maji kichwani tangu utotoni, tumeinama kwenye mpunga kuanzia alfajiri mpaka jua la utosini, halafu mtu atoke Mombasa aje kutuambia hatujui kusimama. Mama mmoja aliyeuza samaki sokoni Garsen akasema kwa sauti, "Daktari, mimi nasimama hapa tangu wewe hujazaliwa." Daktari hakucheka. Alimwendea akamsukuma bega kwa vidole viwili tu, na yule mama, na ukubwa wake wote, akapepesuka kinyumenyume mpaka akamkanyaga mwenzake.

Daktari mwenyewe hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi, mwanamke mfupi aliyeletwa kwenye zahanati yetu mwaka uliofuata mvua za Elnino, wakati ambapo hakuna mfanyakazi wa serikali aliyekuja Garsen kwa hiari yake. Sisi kila aliyevaa koti jeupe tulimwita daktari. Barabara ilikuwa imekatika sehemu nyingi. Mabasi yalisafiri kwa msafara, askari wenye bunduki mbele na nyuma, kwa sababu ya majambazi wa porini. Mashamba ya kando ya mto yalikuwa yamefunikwa na mchanga. Mimi nilikuwa nimeacha masomo kwa kuwa shule ilijaa familia zilizokimbia maji, na maji yalipokwenda zake sikurudi. Nilibaki kumsaidia mama kukaanga mahamri na kuwauzia abiria waliokuwa wakisubiri msafara. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na hasira zangu zilikuwa karibu sana. Hata leo haziko mbali.

Mafunzo yalianza baada ya wanawake wawili kushikwa na watu wasiojulikana walipokwenda kuokota kuni. Muuguzi ndiye aliyewatibu. Hakutuambia walifanywa nini, na hatukuuliza, kwa sababu tulijua. Wiki ileile akatangaza kwamba kila Jumamosi alasiri, nyuma ya zahanati, atawafundisha wanawake namna ya kujinusuru. Alikuwa amejifunza karate Mombasa miaka mingi, katika klabu ambayo yeye alikuwa msichana peke yake. Garsen nzima ililichukua jambo hilo kama sinema ya bure. Wanaume walikuja kuchungulia juu ya ua mpaka akawatishia sindano.

Tulijifunza juu ya sakafu ya saruji iliyokuwa stoo ya zahanati kabla maji hayajazoa kuta zake. Muuguzi alitaka tuvae suruali. Alisema mara moja, akaona nyuso zetu, hakusema tena. Tulipiga ubwindo, tukazipitisha leso katikati ya miguu na kuzikaza kiunoni kama tunavyofanya tukiingia kwenye mpunga, tukapanga mistari. Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma kidogo na pembeni. Magoti yalegee. Uzito ukae katikati, usiegemee mguu mmoja. Mikono juu, viganja wazi, kidevu ndani. Hapo ndipo alipopita akitusukuma mmoja mmoja, na aliyeanguka alianza upya.

Kusimama tulikuja kukuweza. Kutembea ndiko kulikotushinda. Yeye alitaka mguu usogee ukiwa karibu na ardhi, wa mbele uanze na wa nyuma ufuate, bila kupishana. Sisi tulinyanyua. Kila mmoja wetu, bila kujua, aliinua kisigino kwanza, akavuta goti juu, kisha akautua mguu mbele kwa uangalifu. Muuguzi alitazama mara ya kwanza, akatazama mara ya pili, akashika kiuno.

"Nyinyi nani kawafunza kutembea hivi? Mwanyanyua miguu kama mwatoka kwenye tope!"

"Si tunatoka kwenye tope, daktari," akajibu mama wa samaki, na safari hiyo hata yeye mwenyewe akacheka.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyekulia kwenye mashamba ya mafuriko haburuti mguu, maana akiuburuta tope litaubakiza. Muuguzi alitueleza kwamba mguu ukinyanyuka juu namna ile adui anakuona unakuja kabla hujafika, na kwa kitambo hicho cha mguu hewani mtoto mdogo anaweza kukuangusha. Tukarudia, tukarudia. Miezi ilipita kabla miguu yetu haijakubali kwamba saruji si tope, na ya wengine haikukubali kabisa.

Kupiga kelele pia kulitushinda. Ilitakiwa ukisukuma kiganja mbele utoe sauti kutoka tumboni, na sisi tulitoa sauti za watu wanaoita kuku. Siku tuliyopata sauti yenyewe, askari wawili walikuja mbio kutoka kituoni wakidhani zahanati imevamiwa. Tulicheka mpaka jua likazama. Nasimulia vicheko hivi kwa sababu vilikuwepo, na kwa sababu ni vichache.

Mimi sikuwa pale kwa ajili ya majambazi. Nilikuwa pale kwa ajili ya dada yangu.

Dada alinilea. Mama akiwa kwenye biashara, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, akanisuka, akanichapa nilipostahili. Aliolewa kabla ya mafuriko na mwanamume wa kijiji kilicho mbele ya Idsowe, ng'ambo ya mto. Shemeji alikuwa mwenye mtumbwi. Alivusha watu na magunia pale kivukoni, alfajiri mpaka jioni, na watu walimpenda. Hakunywa. Aliwavusha wazee bila malipo. Mgonjwa akiletwa, aliacha chakula chake akaenda. Nilikuwa nikisikia akisifiwa naondoka, kwa sababu mimi nilikuwa nimeuona mgongo wa dada.

Hakuna daraja upande ule. Mto una mamba na viboko, hakuna mwenye akili anayeogelea. Kwa hiyo nikitaka kumwona dada ilibidi nivushwe na yeye, na dada akitaka kutoka ilibidi avushwe na yeye. Nilisimama ukingoni nikapunga mkono, naye akaja akitabasamu, akanishika mkono nisiteleze.

"Karibu, mke wangu mdogo," alisema, maana kwetu shemeji ana ruhusa ya utani huo. "Leo umemletea nini mumeo?"

Nami nililazimika kutania pia. Nilimjibu kwamba nimemletea ndoa ya kuvunja, akacheka mpaka mtumbwi ukatikisika. Sikuwa natania, naye nadhani alijua.

Katika safari hizo ndipo nilipoona jambo lililoniudhi kuliko yote. Shemeji alisimama nyuma ya mtumbwi na upondo wake mrefu, akisukuma, na mwili wake ulikuwa vilevile muuguzi alivyotaka. Magoti yamelegea. Uzito katikati. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma na pembeni kidogo. Mto ulipoutupa mtumbwi kushoto, yeye hakutupwa. Kila tulichohangaikia kwenye saruji ile, yeye alikuwa nacho tangu utotoni, na hakuna aliyemfundisha. Nilimwangalia miguu njia nzima. Niliyojifunza kwake ni mengi, na ninachukia kuandika hivyo.

Siku moja katikati ya mto alisema, "Nasikia huko Garsen mnafundishwa kupiga wanaume."

"Tunafundishwa kujitoa mkononi mwa wanaume," nikamjibu.

"Haya, simama tuone."

Nikasimama. Yeye hakunigusa hata kidogo. Alihamisha uzito wake tu, kutoka mguu huu kwenda ule, mtumbwi ukalala upande, na mimi nikakaa chini kwa kishindo, nimeshika kingo mbili kwa vidole. Alicheka kwa upole kabisa, akaniambia niketi vizuri nisije nikamharibia jina. Sikuziachia kingo zile mpaka tulipofika ng'ambo.

Sasa nieleze desturi, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kilichotokea. Katika ukoo wetu mke akipigwa hakwenda polisi. Alirudi kwa wazazi wake, wazee wa pande mbili wakakaa, mume akaulizwa. Mara ya kwanza alionywa. Mara ya pili alionywa tena, mbele ya wazee wake mwenyewe na wanawake wakisikia, na hiyo ni aibu kubwa. Mara ya tatu mke alirudi kwao moja kwa moja na watoto wadogo, na hakuna aliyekuja kumdai. Baba mkubwa, ndugu wa marehemu baba yangu, ndiye aliyekuwa akiongoza vikao vya upande wetu, naye alitueleza hayo waziwazi. Dada alikuwa amekwisha kukaliwa kikao mara mbili. Mara ya pili alikwenda akiwa na jino lililong'oka, amelifunga kwenye ncha ya leso.

Kwa hiyo njia ya kutoka ilikuwepo, ila ilipita kwenye kipigo kimoja zaidi. Dada alikuwa anakisubiri. Aliniambia hivyo yeye mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye tuta la mpunga, mtoto wake wa kike akinyonya. "Akinipiga tena nimetoka," alisema. "Naomba tu isiwe kichwani." Alisema kwa sauti ya mtu anayepanga safari. Nilimwangalia yule mtoto akivuta titi na kukunja vidole vya miguu, nikaona siwezi. Wengine wangeweza kungoja. Mimi sikuweza kumngojea dada yangu apigwe.

Nikaanza kumfundisha palepale kwenye tuta. Mume alikuwa kivukoni, tungemsikia akigonga mtumbwi kabla hajarudi. Nilimweka mguu wa kushoto mbele. Nilimsukuma bega. Hakuanguka hata mara ya kwanza. Miaka yote ile ya kubeba mtoto na kuni kwenye tope ilikuwa imemtia mizizi. Nilimfundisha kujitoa kifundo cha mkono kikishikwa: usivute nyuma, zungusha kuelekea kidole gumba cha aliyekushika, maana hapo ndipo mkono unapofunguka, na wakati huohuo rudi hatua moja. Halafu kiganja, wazi, kuelekea kidevu, umsukume apate kuwa mbali. Halafu kimbia. Nilimwambia mara nyingi neno hilo la mwisho, kwa kuwa muuguzi alikuwa akilirudia kila Jumamosi: "Hupigani. Watoka. Ukishatoka, mbio."

"Nikimbilie wapi?" dada aliuliza. "Mtumbwi ni wake."

Nilimwambia akimbilie kwa majirani.

Mama alipojua aligomba sana. Alisema mwanamke akimgusa mume amejiharibia, nami nikamwambia mama, kwa adabu niliyoweza, kwamba dada amekwisha kuharibiwa tayari. Hakunisemesha siku kadhaa. Tulikaanga mahamri tukipeana vyombo bila maneno.

Ilitokea wakati wa kuvuna mpunga. Kisa chenyewe kilikuwa chakula kilichochelewa. Hakuna haja ya kukisimulia, visa vya watu hao havina maana. Alimshika kifundo cha mkono wa kulia pale jikoni. Dada akazungusha mkono, akarudi hatua, akatoka. Kiganja kikaenda kwenye kidevu. Mwanamume ambaye mto mzima haukuwahi kumwangusha akaanguka juu ya kuni za mke wake, akajiuma mdomo. Dada alikimbia mpaka mlangoni na hapo akasimama, kwa sababu mtoto alikuwa amelala ndani. Muuguzi hakuwahi kutufundisha la kufanya kuhusu mtoto. Dada akarudi kumchukua, na aliporudi, shemeji alikuwa ameshika upondo.

Majirani walimwokoa. Jirani mmoja ndiye aliyemvusha, kwa mtumbwi uleule, akamleta Garsen mkono ukiwa umevunjika chini ya kiwiko. Muuguzi alimpeleka Malindi na msafara wa asubuhi, akarudi naye amefungwa plasta. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Mara ya tatu imefika, nilijiambia, na mtoto yuko nasi, na dada yuko hai. Niliosha nguo za mtoto siku hiyo nikiimba. Hata mama alianza kusema ni wapi tutapanga kitanda cha pili.

Kikao kilifanyika ng'ambo, katika darasa la shule ya kijiji, kwa sababu ndipo palipokuwa na viti. Wazee walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Kwenye kuta kulikuwa na mstari wa tope ulioachwa na mafuriko, juu kidogo ya vichwa vyao. Dada alikaa mbele na plasta yake. Shemeji alikaa upande wa pili, mdomo umevimba, ametulia. Mimi na mama tulisimama nyuma na wanawake.

Nilitarajia wamuulize yeye. Wakamuuliza dada.

"Ulimgusa mumeo?" aliuliza mzee wa upande wao, mtu mwembamba mwenye macho mazuri.

"Alinishika, nikajitoa."

"Sikuuliza kujitoa. Nimeuliza ulimgusa?"

Dada hajui uongo, hajawahi kuujua. "Nilimgusa," alisema.

Binti hazungumzi kwenye kikao kama kile, lakini nilinyoosha mkono na baba mkubwa akaniruhusu, pengine kwa kunionea huruma. Nikasema kujitoa si kupiga. Nikasema mtu akishikwa ana haki ya kutoka, na kwamba dada alitumia kiganja, hakutumia ngumi, na kwamba alimsukuma tu apate nafasi ya kukimbia.

"Tofauti yake ni nini?" yule mzee mwembamba aliuliza. Aliuliza kweli, hakuwa na dhihaka.

"Nishike mkono nikuonyeshe, babu."

Akasimama, akaja, akanishika. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu. Nilifanya vizuri kuliko nilivyowahi kufanya nyuma ya zahanati. Mguu wangu haukunyanyuka hata kidogo. Ulisogea kwenye sakafu kama muuguzi alivyotaka miezi yote ile. Mkono ukazunguka, ukatoka, na kiganja changu kikasimama upana wa kidole kutoka kwenye kidevu chake. Sikumgusa. Niliona fahari, sitaficha, nikawageukia wazee ili waone jinsi jambo lenyewe lilivyo safi, lisivyo na ubaya.

Mzee akajitazama mkono uliobaki hewani, kisha akarudi kwenye dawati lake polepole.

"Hili ni jambo la kufundishwa," alisema.

"Ndiyo," nikajibu.

"Na yeye alifundishwa vilevile? Kabla?"

Hapo nikaelewa, lakini neno lilikuwa limeshanitoka. Mwanamke aliyetapatapa kwa hofu wangemwelewa. Mikono ya mwenye hofu haihesabiwi. Lakini hii ilikuwa imepangwa, ikarudiwa na kurudiwa kwenye tuta la mpunga wakati mume hayupo. Shemeji alizungumza mara moja tu siku hiyo. Alisema, kwa sauti ya huzuni ambayo nadhani ilikuwa ya kweli, "Hata mimi nilishangaa. Mke wangu hakuwa mtu wa hivyo."

Baba mkubwa ndiye aliyetoa uamuzi, baba mkubwa wetu wenyewe. Alisema mke aliyepigwa ni shauri la wazee. Watu wawili waliopigana ni ugomvi wa nyumba, na ugomvi wa nyumba hauhesabiwi. Yamelingana, alisema. Mkono uliovunjika na mdomo uliovimba wakaviweka kwenye mizani, wakaona vinalingana. Na kwa kuwa yamelingana, yote ya nyuma yamefutwa, vikao viwili vya kwanza pamoja na jino lile, na hesabu inaanza upya. Mke akae kwa mama yake mpaka mkono upone, kisha arudi na mtoto.

Nilipiga kelele. Safari hiyo sauti ilitoka tumboni kabisa. Mama alinishika kwa nguvu akanitoa nje.

Tangu siku hiyo kuna watu wanaosubiri niseme nilikosea. Shangazi zangu wamesubiri, baba mkubwa alisubiri mpaka akafa. Sisemi. Aliyevunja mkono ni mwenye upondo, na waliomrudisha mke ni wale wenye madawati. Mimi nilimfundisha dada yangu kutoka mkononi mwa mtu. Nikiambiwa leo nitamfundisha tena. Lakini kuna jambo moja nililolijua palepale nje ya darasa, nikiwa nimekaa mchangani na mama amenikumbatia, ambalo sijaweza kulishinda kwa hasira: kwamba angevumilia tu siku ile, angekuwa ametoka. Angekaa kimya akapigwa, leo angekuwa kwetu.

Nilimweleza muuguzi. Alikuwa akifunga bandeji, hakuacha kufunga. Aliniuliza mara mbili kama nimeelewa vizuri walivyosema wazee. Kisha akasema, "Mie sikuyajua hayo. Hakuna aliyenambia." Kweli hakuna. Sisi tuliyajua tangu kuzaliwa, na hakuna aliyefikiri ni kitu cha kuelezwa. Jumamosi iliyofuata wanawake waliokuja walikuwa wachache, maana habari ilikuwa imefika sokoni, na waume walikuwa wamekataza. Mama wa samaki alikuja. Muuguzi hakutupanga mistari. Alileta mikeka akatufundisha kuanguka: kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, mkono upige chini kabla mwili haujafika, na kichwa kisiguse ardhi kamwe. Hatukucheka siku hiyo.

Dada alikaa nasi mpaka plasta ilipotolewa. Mkono ulitoka mwembamba, umepauka, haukunyooka sawasawa tena. Siku za mwisho alikuwa akimwogesha mtoto kwa utaratibu sana. Nilimwambia tutoroke, twende Malindi, twende Mombasa kwa jamaa za muuguzi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mtoto ni wa kule, wangemfuata, na mama angebaki na aibu peke yake. Aliishi na mwanamume yule miaka mingi baada ya hapo, na vikao vingine havikukaliwa, kwa sababu hakurudi tena kushtaki.

Asubuhi ya kuondoka alikuwa amevaa tayari, mzigo umefungwa. Mtoto alikuwa amelala. Alinikuta uani nikipanga kuni za mama.

"Wanasema daktari amewafundisha kuanguka," alisema.

"Amefundisha."

"Nifundishe."

Nilimwangalia. Alikuwa anakaza leso kiunoni, kwa mkono mmoja zaidi kuliko mwingine.

Nikamwonyesha. Kidevu kifuani. Mgongo uviringe. Nilianguka mara moja kwenye mchanga ule wa uani, nikainuka, nikajipangusa. Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Nilidhani atagomba. Aliingia ndani, tukasikia kitanda kikilia, akatoka anaburuta godoro lake, lile la pamba alilolala tangu baba alipokuwa hai, akalitandika katikati ya uani.

"Angukia hapa, mwanangu," alisema. "Usiumize mkono."

Dada akasimama ukingoni mwa godoro akilitazama kwa muda.

"Liondoe, mama," akasema. "Kule nitakakoanguka hakuna godoro."

Mama akaliinua, akalirudisha ndani.